Mzee Amebadilika, Mpango wa Utunzaji Haujabadilika: Ufanyeje?

Mzee mmoja niliyemtunza kusini mwa Seattle, dereva wa treni mstaafu, alikuwa na mkanda wa ngozi ambao tundu lake la tatu lilikuwa limelegea kwa kufungwa miaka mingi. Wiki moja ya Novemba nikajikuta naufunga tundu la tano. Nikamwambia mwenzangu wa zamu ya jioni, "Huyu mzee hayuko sawa." Akaniitikia, "Hata mimi naona." Tukaishia hapo, wala hakuna aliyeandika kitu. Siku ya nne ambulensi ikaja kumchukua, amekaukiwa maji mwilini, na mpango wa utunzaji kwenye faili lake bado ulikuwa unasema: anakula mwenyewe, hahitaji kusimamiwa.

Nawaandikia wenzangu mliofika Marekani mkaingia kazi hii ya kutunza wazee, iwe ni Tacoma, Minneapolis, Boston au Dallas. Wengi wetu tunaanzia kwenye jengo la vyumba vingi lenye ukumbi wa kulia, ambako wazee hukaa kwa kujitegemea kiasi na kusaidiwa kiasi. Wengine tunaanzia kwenye nyumba ya kawaida mtaani, ambayo hapa jimbo la Washington huruhusiwa wazee sita, au hadi wanane kwa kibali cha ziada. Hizi si hospitali, wala hazina nesi saa 24 kama zile nyumba kubwa za uuguzi. Sheria zake hutungwa na kila jimbo. Mimi nitataja za Washington kwa sababu ndizo ninazozifanyia kazi. Ulizia za kwako.

Hatua ya 1: Mjue alivyo kabla hajabadilika

Katika majengo ya Washington tathmini kamili hutakiwa ndani ya siku 14 tangu mzee ahamie, na makubaliano ya huduma ndani ya siku 30. Karatasi hizo zisome zote. Lakini utakuta zimeandika "anahitaji msaada kuvaa", na maneno hayo hayakuambii mengi. Msaada gani? Mkono upi unaingia kwanza kwenye shati? Anatumia dakika ngapi kutoka kitandani hadi mezani? Anamaliza vikombe vingapi vya kahawa? Huamka mara ngapi usiku kwenda haja, na hutania vipi akiwa na raha zake? Hayo ndiyo utakayoyalinganisha baadaye, kwa hiyo wiki mbili za kwanza yaandike kwenye karatasi za nyumba, pamoja na uzito na presha yake ya kawaida. Usiyaandike kwenye simu yako, na tafadhali sana usiyapeleke kwenye lile kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani, hata kama hukutaja jina. Habari za mgonjwa hapa zinalindwa na sheria ya nchi nzima, na watu wamefukuzwa kazi kwa picha moja tu ya keki ya kuzaliwa.

Muulize pia anataka aitweje. Sisi kumwita mtu wa miaka 88 kwa jina lake kavu kunatukera rohoni, tunataka kusema mama, babu, bibi. Lakini mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa mwalimu mkuu anaweza kukasirika ukimwita mama, akakuuliza, "Mimi nilikuzaa lini?" Nilishaulizwa. Mwingine atafurahi hadi machozi. Uliza, kisha andika.

Hatua ya 2: Tazama bafuni, mezani na chooni

Mabadiliko hayaanzii ofisini. Unapomwogesha ndipo unapouona mwili wote, na nesi anayekuja mara moja kwa wiki hapati nafasi hiyo. Tazama mfupa wa makalio, visigino, viwiko na nyuma ya masikio panapokaa mpira wa oksijeni. Ukikuta pekundu, bonyeza kidogo kwa kidole kisha uachie. Pakigeuka peupe halafu wekundu ukarudi, damu inapita bado. Pakibaki pekundu hata ulipobonyeza, kidonda cha kulalia kimeshaanza, ingawa ngozi haijapasuka. Kwa mzee mweusi wekundu huo hauonekani. Pima kwa kiganja kama pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au teketeke, au rangi imekolea. Hapa sisi tunawazidi wenzetu wengi, maana ngozi hiyo ndiyo tuliyokua nayo.

Shuka hadi miguuni. Alama ya soksi ikiwa imezama kama mfereji, miguu imejaa maji. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, mpime uzito kila asubuhi akishatoka haja na kabla hajala, kwa mizani ileile. Akiongezeka paundi 2 au 3 kwa siku moja, au 5 kwa wiki, ripoti siku hiyohiyo. Kupungua nako kuna kipimo chake: asilimia 5 ya uzito kwa mwezi, au 10 kwa miezi sita, ni jambo kubwa. Mtu wa paundi 160 akipoteza 8 kwa mwezi, usisubiri mkutano wa wiki ijayo.

Mezani, sikiliza. Kukohoa kila akinywa maji, sauti inayolowa baada ya kumeza kama mtu anayeongea na maji kooni, chakula kinachobaki kimefichwa shavuni, nyama anayoitafuna na kuirudisha kwenye leso: zote hizo ni dalili kwamba kumeza kumekuwa na shida. Chooni, hesabu siku. Siku tatu bila choo kwa mzee si "kawaida yake" mpaka pawe na maandishi kwamba ndivyo alivyo. Na akitembea, angalia mikono yake. Aliyekuwa anakatiza sebule moja kwa moja sasa anashika kochi, anashika meza, anashika ukuta. Huyo bado hajaanguka, lakini ameshaanza safari ya kuanguka.

Hatua ya 3: Jiulize, limekuja ghafla au polepole?

Swali hili ndilo linaloamua unakimbia au unatembea.

Ugonjwa wa kusahau hula akili kwa miezi na miaka. Mtu aliyekuwa anakujua Jumatatu, Jumatano akaanza kung'oa karatasi za ukutani na kuona wadudu kitandani, ana kitu kingine juu ya usahaulifu wake: maambukizi, maji kidogo mwilini, choo kilichokwama, mkojo usiotoka, maumivu asiyoweza kuyasema, dawa mpya. Wazee mara nyingi hawapandi homa hata wakiwa na nimonia, kwa hiyo kipimajoto kisikudanganye. Wenzetu hapa kila mzee akichanganyikiwa hukimbilia kusema "ni mkojo tu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Huenda ni kweli, lakini kazi yako ni kueleza unachokiona. Ugonjwa ataupa jina daktari.

Uliza kuhusu dawa za dukani. Mtoto wa mzee amekuja Jumapili, kaona mama halali, kamwachia vidonge vya usingizi kwenye droo. Benadryl na Tylenol PM zote zina dawa moja, difenhidramini, ambayo imo kwenye orodha ya dawa za kuepukwa kwa wazee inayotolewa na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani. Inaweza kumchanganya, ikamzuia mkojo na kumwangusha. Kumbuka pia kutazama vitu vidogo kabisa: betri za vifaa vya masikioni. Nilikuwa na bibi aliyeandikwa kwamba "amepoteza hamu ya mazungumzo" kumbe betri zilikufa wiki nzima iliyopita.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikatika: piga 911 kabla ya kumpigia mtu mwingine, na utaje saa ulipomwona mara ya mwisho akiwa mzima. Akianguka na kugonga kichwa huku anatumia dawa za kuyeyusha damu, vivyo hivyo, hata kama anakuambia yuko sawa na anataka chai. Sukari ikishuka chini ya 70 na bado anaweza kumeza, mpe nusu kikombe cha juisi, subiri dakika 15, pima tena. Kama hawezi kumeza, usimwekee kitu mdomoni, piga 911.

Hatua ya 4: Sema kwa namba, andika kabla zamu haijaisha

"Hayuko sawa" ni maneno ya kweli, lakini hayamwamshi mtu. Linganisha na haya:

"Jumanne 0800. Amekula robo ya sahani, kawaida humaliza. Uzito paundi 151, tarehe 1 ulikuwa 160. Presha akiwa amelala 138/76, aliposimama 112/64, akasema anaona kizunguzungu. Nimempigia nesi 0820, amesema nipime tena 1200 na nimpe maji kikombe kila saa."

Nesi akisikia namba ya juu ya presha imeshuka zaidi ya 20 kwa kusimama tu, anajua la kufanya. Huo ndio ujumbe ambao nilipaswa kuuandika kuhusu yule dereva wa treni.

Na saa, jamani, saa! Sisi saa mbili asubuhi ni yao ya nane. Mgeni mmoja kwenye zamu yetu, wiki yake ya kwanza, alijaza dawa ya asubuhi "2:00", na aliyepokea zamu akadhani mzee amepewa usiku wa manane. Aliwahi kuuliza kabla hajatoa nyingine, lakini ilibaki kidogo tu. Andika kwa tarakimu nne za saa 24, kichwani mwako uhesabu unavyopenda.

Ukipiga simu usijibiwe, piga tena baada ya nusu saa na uandike kwamba ulipiga. Kuna aibu yetu ya malezi: mkubwa akishasema "tutaona", unanyamaza. Hapa kunyamaza kunahesabiwa kama hukuripoti. Tena ukiona mzee anapuuzwa au anadhulumiwa, sheria ya Washington inakutaka wewe mwenyewe uripoti kwa idara ya jimbo ya huduma za jamii na afya, DSHS. Huhitaji ruhusa ya bosi.

Hatua ya 5: Dai tathmini mpya

Tathmini hutakiwa irudiwe angalau kila miezi 12, lakini pia kila hali ya mzee inapobadilika sana. Hii sehemu ya pili ndiyo husahaulika. Kama mzee analipiwa na Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mwenye nyumba anampigia msimamizi wa kesi wa jimbo, naye anakuja kupima upya. Malipo ya nyumba hutegemea kipimo hicho. Kama familia inalipa mfukoni, ngazi ya huduma ikipanda ada hupanda, na hapo ndipo maneno huanza. Familia nyingi hudhani Medicare, bima ya serikali kwa wazee, italipa. Medicare hailipi kodi ya chumba wala utunzaji wa kila siku katika nyumba hizi.

Wewe mtunzaji hutaongoza mkutano, ila mara nyingi utaitwa. Nenda na karatasi zako za wiki mbili. Mtoto anayeishi Chicago na humpigia mama simu Jumapili atasema, "Lakini mama anaongea vizuri tu." Usibishane naye. Msomee: ameanguka mara mbili, ameamka mara tano usiku, amekataa kuoga siku tisa. Na mzee mwenyewe awe chumbani, aulizwe yeye kwanza. Ni mpango wake, na ana haki ya kukataa kipande chochote.

Hatua ya 6: Badilisha mikono yako, si karatasi tu

Chukua kuoga, maana ndiko ugomvi uliko. Mwenye usahaulifu akipiga kelele bafuni mara nyingi ana baridi, au anaogopa, au haelewi kwa nini mgeni anamvua nguo. Mfikirie bibi aliyelelewa kwa staha, anavuliwa na kijana asiyemjua. Mimi hufanya hivi: bafu linapashwa joto kwanza, taulo mbili zimetoka kwenye mashine zikiwa za moto, moja begani na moja mapajani, hazitoki. Maji hayaanzii kichwani. Yanaanzia miguuni, kwa bomba la mkononi, na bomba hilo anashika yeye kama anaweza. Uso anafuta mwenyewe. Nywele siku nyingine. Akikataa, natoka, narudi baada ya dakika 20 na sauti nyingine. Na akikataa kabisa leo, kitambaa cha maji ya moto kitandani kinatosha. Hakuna sheria inayotaka mtu alowe kila Jumanne.

Kwa kumshika mkono, jifunze ile mbinu iliyoenezwa na Teepa Snow, mkufunzi wa Kimarekani wa utunzaji wa wenye usahaulifu, ya kuweka kiganja chako chini ya chake, akawa yeye ndiye anayefanya na wewe unamsindikiza. Mjie kwa mbele, shuka usawa wa macho yake. Na zamu mkiwa wawili mnaojua Kiswahili, msiongee Kiswahili juu ya kichwa chake mnapomvalisha. Asiyekumbuka yuko wapi, akisikia lugha asiyoijua na vicheko, atadhani anapangiwa jambo.

Kumwinua ni suala la mgongo wako pia. Alipokuwa anasimama akishikiliwa mkanda wa kiunoni, mtu mmoja alitosha. Siku magoti yanapokataa kubeba uzito, mashine ya kuinulia inahitajika, na mara nyingi watu wawili. Usikubali "jaribu tu usiku wa leo". Vyuma vya pembeni mwa kitanda navyo usivipandishe kwa kuwa unaogopa ataanguka. Wazee wamenaswa hapo wakafa, na mamlaka ya dawa na vifaa vya Marekani imelionya hilo muda mrefu. Shusha kitanda hadi chini, weka taa hafifu njia ya choo, mpeleke haja kabla hajalala na saa zile anazoamka. Wengi wanaoanguka usiku walikuwa wanatafuta choo.

Kumeza kukisumbua, mketishe wima kabisa na abaki hivyo nusu saa baada ya kula. Unga wa kuyatia maji uzito haumwagwi kwa kukisia; mtaalamu wa kumeza ndiye anayesema kiwango gani.

Dawa zikibadilika, angalia kama umeruhusiwa. Hapa Washington nesi anaweza kukukabidhi baadhi ya kazi zake baada ya wewe kusoma mafunzo ya saa 9, na insulini inadai mengine ya saa 3. Kazi hukabidhiwa kwa mzee mmoja aliyetajwa na kwa mtunzaji mmoja aliyetajwa. Rafiki yako amekabidhiwa sindano ya insulini ya bibi wa chumba namba 4, basi wewe hujakabidhiwa.

Hatua ya 7: Jua nyumba inaishia wapi

Ipo siku mahitaji yanazidi uwezo wa nyumba. Majengo ya Washington kwa kawaida hayatakiwi kumweka mtu anayehitaji nesi awepo na kumpima mara kwa mara, isipokuwa yuko chini ya hospisi (huduma ya faraja kwa mtu aliye mwishoni mwa maisha) au ana ugonjwa wa muda mfupi unaotarajiwa kwisha ndani ya siku 14. Kwenye nyumba ndogo kuna jambo la moto: nani anaweza kutoka mwenyewe, nani wa kusukumwa, na mtunzaji wa usiku yuko peke yake. Kila mzee anapoacha kutembea, hesabu hiyo irudiwe, na chumba cha ghorofani kisiwe chake tena.

Kabla ya kumwambia ahame, nyumba inatakiwa kwanza ijaribu marekebisho yanayowezekana, kisha itoe notisi ya maandishi, kwa kawaida siku 30. Familia ikiona inaonewa, kila jimbo lina ofisi ya mtetezi wa wakazi wa nyumba hizi, huduma ni bure, na namba yake inatakiwa iwe imebandikwa ukutani. Waonyeshe. Mwenye nyumba atakununia siku mbili.

Hatua ya 8: Hospisi ikiingia

Medicare hulipia hospisi pale madaktari wanapothibitisha kwamba ugonjwa ukienda mkondo wake, mtu ana miezi sita au pungufu. Familia zetu na zao hulisikia neno hilo kama hukumu. Waeleze kwa vitendo: mzee hahami, chumba ni kilekile, nesi wa hospisi anakuja, kitanda cha kupandisha kinaletwa, na namba ya simu inapokelewa saa 24.

Kwako kazi inabadilika sura. Halazimishwi kula tena. Unamlowesha midomo kwa sifongo. Unamgeuza kwa utulivu, dawa ya maumivu ukimtangulizia kabla ya kumgeuza ikiwa ndivyo nesi alivyoagiza. Mtu asiyeweza kusema anaumwa husema kwa paji la uso, kwa ngumi, kwa pumzi. Kila dozi ya mofini iandikwe saa na kiasi, ihesabiwe zamu kwa zamu, watu wawili wakitazama. Jua fomu yake ya maagizo ya uokoaji (moyo ukisimama ajaribiwe kuzinduliwa au aachwe), inayoitwa POLST, imebandikwa wapi, na uhakikishe wa zamu ya usiku anajua pia.

Pumzi zikianza kuachana, ita familia wakati huo, hata kama ni saa tisa za usiku za Kiswahili. Akishafariki, simu ya kwanza iende kwa nesi wa hospisi. Mfumbe macho, mnyooshe, zima televisheni. Kisha keti uandike: 0310, pumzi ya mwisho, 0314, nimempigia nesi, 0320, mtoto wake yuko njiani.